Ukuta Mmoja, Wenyewe Wengi: Kwa Nini Jengo la Kale Uganda Ni Gumu Kuliokoa

Ukipita Main Street pale Jinja, usitazame maduka. Inua macho. Juu ya paa za baraza, pale ukuta wa mbele unapoishia, utaona majina ya watu yamechongwa kwenye plasta, na chini ya jina mwaka. Ni majina ya wafanyabiashara wa Kihindi waliojenga duka mbele, nyumba ya kulala nyuma na ua katikati. Mengine yanasomeka vizuri. Mengine yamezama chini ya rangi, kwa sababu kampuni za simu zilipokuja na ndoo zao hazikuacha nguzo wala dirisha.

Katika duka moja la vitenge nilimkuta fundi amechuchumaa na patasi, anabandua plasta ya saruji kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Mwenye duka, mama wa makamo, alikuwa amefunika mali yake kwa shuka na kusogeza majora mbali na vumbi.

“Fundi, ukuta huu utaubandua na kuurudishia mpaka lini?”

“Mama, mwaka juzi nilipiga plasta mimi mwenyewe, tena saruji nzito. Nyumba hizi zinatoa jasho.”

Jasho ndilo neno lenyewe. Kuta hizi ni za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo au chokaa, na mara nyingi hazina chochote chini cha kuzuia unyevu wa ardhini usipande. Waliozijenga hawakuwa wajinga. Walizipaka chokaa, na chokaa ina vitundu vidogo vidogo, hivyo maji yanayopanda ndani ya ukuta hutoka nje polepole kama mvuke. Fundi wa leo akija na saruji anauziba ukuta kama mtu aliyevikwa koti la mpira kwenye jua. Maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi, yanabeba chumvi, rangi inavimba na kupasuka, tofali linaanza kumung’unyika. Mwenye nyumba akiona hivyo anaagiza saruji zaidi. Baada ya miaka kumi ya matibabu ya namna hiyo anakuja mtu wa halmashauri, anagonga ukuta, unga unamwagika, naye anaandika: jengo ni hatari kwa umma, libomolewe.

Nimeanza na ukuta kwa makusudi, kwa sababu watu wengi wakisikia “shirika la kuhifadhi majengo ya kale” wanadhani kazi yake ni hii: kutafuta fundi anayejua chokaa, kuchangisha fedha, kupaka. Kama ingekuwa hivyo, kazi ingekuwa rahisi. Chokaa ipo, Muhokya kule Kasese wanaichoma. Mafundi hufundishika. Kinachoshinda ni swali ambalo mama wa vitenge hawezi kulijibu, wala fundi: huu ukuta ni wa nani?

Enzi ya ukoloni, mfanyabiashara wa Kihindi mjini Jinja kwa kawaida hakununua ardhi. Alipewa na serikali hati ya kukodi kiwanja kwa miaka kadhaa, na juu ya kiwanja hicho akajenga kwa fedha zake. Tayari hapo kuna wenyewe wawili, wa ardhi na wa matofali. Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kwamba Waasia waondoke ndani ya siku 90. Majengo waliyoacha yakaangukia mikononi mwa chombo cha serikali kilichoundwa kusimamia mali zao, nacho kikayagawa kwa wapangaji na watu waliopendelewa. Sheria ya kuwarudishia ikatungwa 1982, lakini wengi waliorudi kudai walirudi miaka ya 1990. Mmoja alikuta nyumba imekaliwa na familia tatu. Mwingine aliuza akiwa London bila kuiona tena. Yuko aliyempa wakala mamlaka ya kusimamia, na wakala naye akapata wakala. Wapo ambao hawakurudi kabisa, na nyumba zao zikabaki kwenye mafaili, kila faili likiwa na hadithi mbili zinazopingana. Kesi hizo hazijaisha mpaka leo.

Sasa weka shirika la hisani mbele ya jengo la namna hiyo. Limwandikie nani barua? Mpangaji aliyekaa miaka thelathini anaweza kulipenda jengo kuliko mtu yeyote, lakini akitia chokaa ya gharama leo, kesho mwenye hati anaweza kutokea na kupandisha kodi kwa sababu nyumba imependeza. Mwenye hati naye, kama miaka ya kukodi kiwanja inakaribia kwisha, ataona heri akusanye kodi na asiguse hata bawaba.

Kuna kinyume kimoja hapa ambacho husemwa mara chache. Vurugu hizo za umiliki ndizo zilizoiokoa Jinja. Viwanda vilipofifia, mji ukapoa, fedha za kujenga ghorofa zikakosekana, na hata aliyekuwa nazo hakuthubutu kuzitia kwenye kiwanja chenye kesi. Umaskini na mahakama vililinda baraza zile kuliko wizara yoyote. Nasema hivi bila furaha, kwa sababu maana yake ni kwamba siku mambo yanyooke, yaani hati ikapatikana safi na mnunuzi akaja na fedha, hiyo ndiyo siku ya hatari. Jinja ilitangazwa kuwa jiji Julai 2020, na tangu hapo hamu ya ghorofa imepanda.

Kampala ilishafika huko zamani. Kule fundo la ardhi ni jingine: mkataba wa Buganda wa 1900 ulizaa ardhi ya mailo, yaani ardhi ya kumilikiwa moja kwa moja kwa hati, na juu ya mailo kuna mwenye hati, kuna mwenye kibanja, yaani mkaaji wa ardhi hiyo, kuna ardhi za makanisa, ardhi za msikiti, ardhi za Kabaka, mfalme wa Buganda. Lakini thamani ya kiwanja katikati ya mji ni kubwa mno hata mafundo hayo yanafunguliwa haraka. Dalili ni moja na kila mkazi anaijua: mabati. Ukiona mabati yamezungushwa mbele ya nyumba ya zamani usiku wa Ijumaa, Jumatatu usitegemee kuiona.

Je, sheria haipo? Ipo, na tangu zamani. Sheria ya kumbukumbu za kihistoria ilitungwa 1967, nayo ilimpa waziri uwezo wa kutangaza kwamba mahali fulani pamehifadhiwa. Ugumu wake ulikuwa kwamba bila tangazo hakuna ulinzi, na waliokuwa wakiitumia walifikiria zaidi makaburi ya wafalme, mahandaki ya kale na michoro ya mapangoni. Duka lenye baraza halikuingia katika fikra zao. Mwaka 2023 ikaja sheria mpya ya makumbusho na kumbukumbu kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Katiba ya 1995 nayo, katika malengo yake ya kitaifa, inaitaka serikali na raia wahifadhi urithi wa nchi. Ila katiba hiyohiyo, ibara ya 26, inalinda mali ya mtu: ukimnyang’anya sharti umlipe fidia ya haki, tena kabla ya kuichukua. Mwenye jengo akiambiwa asibomoe atauliza, na ana haki ya kuuliza, “Mtanilipa nini?” Hapo ofisi inakaa kimya.

Tena ofisi zenyewe hazikai meza moja. Wa makumbusho wako chini ya wizara ya utalii. Kibali cha kujenga na kubomoa kinatoka kwa mamlaka ya mji, kwa sheria ya udhibiti wa majengo ya 2013. Ardhi ina bodi zake. Karatasi ikipita meza ya pili bila meza ya kwanza kujua, jengo linakwenda, na hakuna aliyevunja sheria.

Katika nafasi hiyo ndipo linapoingia shirika kama Cross-Cultural Foundation of Uganda, lililoanzishwa 2006. Halina mamlaka ya kumzuia mtu. Halina fedha za kununua ghorofa ya Kampala Road. Lina karatasi na kalamu. Limetengeneza ramani za majengo ya kihistoria ya Kampala, Entebbe na Jinja, baadaye na programu ya simu. Limesaidia makumbusho madogo ya vijijini. Limeanzisha vilabu vya urithi shuleni. Mtu anaweza kuguna: ramani itazuia buldoza? Haizuii. Lakini fikiria mambo yalivyokuwa kabla yake. Jengo lilibomolewa na hakuna aliyejua jina lake, nani alilijenga, wala mwaka gani. Kitu kisicho na jina hakilalamikiwi. Jengo likishakuwa kwenye ramani lina jina na picha, na siku mabati yakisimama mtu atapiga picha na kuuliza. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi halisi ya shirika la aina hii: kumfanya anayebomoa aonekane.

Mfano ni ule ukumbi wa zamani wa sinema wa Norman, Kampala, ulioitwa kwa jina la Norman Godinho, mfanyabiashara wa asili ya Goa. Kwa miongo kadhaa sasa ni kanisa, linaloitwa Watoto Church. Habari zilipotoka miaka michache iliyopita kwamba kuna mpango wa kuubomoa na kujenga jengo kubwa la kisasa, mjadala uliwaka magazetini na mitandaoni. Watu waliogombana kuhusu uso wa jengo lile hawakuwa wasanifu. Walikuwa watu waliokumbuka filamu, wengine walikumbuka harusi. Miaka ishirini nyuma, nadhani, lingeondoka kimya.

Jumba la Makumbusho ya Uganda ni mfano mkubwa zaidi. Mkusanyiko wake ulianza 1908 kwenye ngome ya Lugard, ofisa wa kikoloni Mwingereza, pale Old Kampala, na Waganda wakapaita nyumba ya mayembe, yaani nyumba ya vitu vya kiganga, kwa sababu humo ndimo vilikotupwa vitu ambavyo wamishonari walivitaka vitoke majumbani. Jengo la sasa, barabara ya Kira, lilichorwa na Ernst May, msanifu Mjerumani aliyechora pia mpango wa upanuzi wa Kampala, likafunguliwa 1954. Basi mwaka 2011 serikali yenyewe ikawa na mpango wa kuliondoa na kusimamisha mahali pake mnara wa biashara wa ghorofa 60. Watu wa mashirika ya urithi walikwenda mahakamani. Mnara haukujengwa, na wanafunzi bado wanashuka kwenye mabasi pale wakiwa na daftari zao.

Ukitazama miji mingine utaona vifaa ambavyo sisi hatuna. Bath, Uingereza, kuna shirika la hisani la kuhifadhi mji lililoanzishwa 1934, nalo lina nyumba ya makumbusho katika Royal Crescent. Silaha yake kubwa ni ya kuchosha: kila anayetaka kubadilisha au kubomoa lazima apeleke maombi, maombi yanawekwa hadharani, na shirika linayasoma moja moja na kuandika pingamizi. Yaani linajua kabla ya mabati. Sisi hujua baada yake. Kama ningepewa nafasi ya kubadilisha jambo moja tu Kampala, ningeomba karatasi ya maombi ibandikwe kwenye lango la jengo siku 30 kabla ya kuguswa. Haihitaji fedha ya mfadhili, inahitaji gundi.

Lakini orodha nayo ina makali mawili. Kule kule Uingereza, magharibi mwa London, palikuwa na kiwanda cha Firestone chenye uso uliosifiwa sana. Agosti 1980, wenyewe waliponusa kwamba kinakaribia kuwekwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, walikibomoa mwishoni mwa wiki ya sikukuu, ofisi zikiwa zimefungwa. Ndiyo sababu mtu wa shirika akija Jinja na kamera na daftari, baadhi ya wenye nyumba wanafunga mlango. Kuorodheshwa wanaona ni kunyang’anywa kwa adabu. Hatuwezi kuwalaumu mpaka tuwape kitu mkononi, hata kama ni nafuu kidogo ya kodi ya jengo.

Lipo pia swali linaloulizwa kwenye kila baraza la mjadala huu, na watu hulijibu kwa hasira: kwa nini tutunze nyumba za wakoloni na Wahindi? Ni swali halali. Jibu langu ni la mikono. Matofali yale yalichomwa na vijana wa hapa, mbao zilipasuliwa na watu wa hapa. Na historia ya Kampala haikuanza na Lugard 1890. Mfanyabiashara wa pwani Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844, na tangu hapo Kiswahili hakikutoka Buganda, japo kimewahi kusemwa vibaya. Ukipanda kilima cha Kibuli au ukizunguka Old Kampala, unatembea juu ya nyayo za watu hao, ingawa nyumba walizolala zilikuwa za miti na nyasi na hazikubaki. Zilizobaki ni za tofali.

Na nyasi zina somo ambalo wapenda matofali hatulipendi sana. Mwaka 1882 Kabaka Muteesa wa Kwanza alijenga kasri Kasubi, kilima cha Kampala. Alipofariki 1884 akazikwa humo, na baada yake wakazikwa Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili. Nyumba kubwa, Muzibu-Azaala-Mpanga, ina paa la nyasi linaloshuka karibu kugusa ardhi, na kwa ndani paa hilo lina mapete 52 kwa idadi ya koo za Buganda. UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 iliteketea. Ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, ikajengwa upya kwa miaka mingi, na 2023 ikaondolewa kwenye orodha hiyo.

Hebu ilinganishe na ngome ya Lugard. Hiyo iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupisha msikiti mkuu wa Old Kampala, ule uliokamilishwa kwa fedha za Libya, na nakala yake ikajengwa kando. Zote mbili, ngome na Kasubi, leo si nyenzo za awali. Lakini hakuna anayekwenda kupiga magoti kwenye ngome ya nakala, na Kasubi watu wanavua viatu. Tofauti ni kwamba Kasubi ilikuwa ikifanywa upya siku zote. Nyasi huoza, huondolewa, huwekwa nyingine, na kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, hurithishwa kutoka mkono hadi mkono pamoja na miiko yake. Moto uliunguza paa, haukuunguza watu wanaojua kuezeka, ingawa kurudisha paa lile kulionyesha jinsi wajuzi walivyopungua. Ngome haikuwa na ukoo.

Hii inarudisha jambo mahali pake. Jengo la Jinja lina ukoo gani? Waliolijenga wametawanyika, mafundi wa chokaa wamekufa bila kuacha wanafunzi, na kinachobaki ni jina juu ya ukuta. Zanzibar wana mamlaka ya Mji Mkongwe tangu 1985, wana mafundi wanaojua chokaa na boriti, na bado tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib ilianguka na kuua. Kuwa na orodha na mamlaka hakutoshi kama mvua inaingia. Na usisahau moto: Septemba 2020 jengo kuu la Makerere, la 1941, liliungua paa na ofisi, likarudishwa kwa sababu ni la chuo kikuu chenye wahitimu kila wizara. Duka la vitenge likiungua halina wahitimu.

Kwa hiyo mashirika mazuri, ukiyatazama kwa makini, hugawanya nguvu zao mara mbili: nusu kwa karatasi na mahakama, nusu kwa mikono. Kuwakusanya waashi kumi kwa wiki moja, kuwaonyesha jinsi chokaa inavyolowekwa na kuachwa ikomae, jinsi inavyopakwa kwa tabaka nyembamba, jinsi inavyonyunyiziwa maji isikauke mbio. Ni kazi isiyopigwa picha nzuri na wafadhili hawaipendi sana, lakini ndiyo inayoweza kulizalia jengo ukoo.

Nilipokuwa natoka, fundi alikuwa amefika kwenye tofali. Nilimwambia habari ya chokaa. Alinisikiliza huku anapangusa vumbi usoni.

“Mzee, hiyo chokaa baba yangu aliipika. Mimi nilikuwa nabeba maji tu.” Akagonga tofali kwa mgongo wa patasi, akasikiliza. “Mfuko wake unauzwa shilingi ngapi?”

Sikujua bei. Mama wa vitenge alishatoa simu na kuanza kumpigia mtu wa Kasese.